Mkono wa Praxeda Ukutani

Praxeda alikufa siku ya Jumanne, mwezi wa tano, masika yanaishia. Mwaka wa hamsini na saba. Tulimzika Jumatano. Alhamisi asubuhi katekista Ernesti akasimama mlangoni pangu. Nilidhani amekuja kunipa pole.

"Mzee Msafiri," alisema, "lile jambo la ukuta liache."

Hakukaa. Kofia hakuvua.

"Jambo gani?"

"Unalijua. Padri ameleta habari. Jumapili ya tatu kuanzia sasa wanakuja wageni kutoka Ulaya, na kamera zao. Wamesikia kanisa letu lina rangi ndani. Usiguse ukuta."

Kanisa letu. Miaka sita waliita kanisa la mavi. Mke wangu hajalala siku mbili kaburini, limekuwa letu.

Nieleze jambo lenyewe. Kwetu ni bara, upande wa Kigoma, karibu na ziwa. Kule mwanamume husimamisha nyumba, mwanamke husiriba ukuta na kuupamba. Katika koo za vilima vyetu, mwanamke akifa, mumewe huufuta ukuta wake. Huchukua mavi ya ng'ombe na majivu, akapaka juu ya rangi zote mpaka ukuta uwe mtupu. Hufanya kwa mkono wake mwenyewe, kabla mwezi mpya haujaandama. Ukiandama, ananyoa nywele, matanga yamekwisha. Asipofuta, mkono wa marehemu unabaki kazini. Haupumziki. Ndivyo tulivyolelewa.

Na ukuta wa mtu aliye hai haufutwi. Ukimfuta aliye hai, umemzika. Hata mgombane namna gani na mkeo, ukuta wake huugusi.

Mimi ni Mkristo. Mkono wa maiti unafanya nini, sijui. Lakini Praxeda aliniomba. Siku mbili kabla ya kufa, sauti imebaki kidogo, aliniambia, "Usiniache kazini." Kisha akasema, "Ufute palipo na kidole changu. Kwingine usiguse." Hayo ya mwisho nilidhani ni homa inasema. Nikamjibu, "Sawa."

Basi. Nilisema sawa.

"Na hayo ya kufuta ni upagani," Ernesti aliendelea. "Ukifanya, nitamwambia Padri akunyime Komunyo."

"Mwambie."

"Wewe mzee ni mkaidi."

"Na wewe hujanipa pole."

Alisema pole akiwa amekwisha kunipa mgongo.

Tulikuja pwani kabla ya vita vya Hitla, kwa treni, siku nne. Manamba, ndivyo wenyeji walivyotuita, kwa sababu ya namba tulizopewa. Shamba letu la mkonge liko upande wa barabara ya Pangani. Ukipita Tongoni unaiacha bahari, unaingia ndani. Mimi nilikata majani. Praxeda alianika singa, nyuzi za mkonge, kwenye waya, mpaka macho yakawa mekundu kwa weupe wa nyuzi hizo. Baadaye wakamtia kwenye mashine ya brashi, ile inayochana singa. Mashine ikamla kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kikabaki nusu. Alipumzishwa siku tatu. Siku ya nne alirudi.

Watoto wetu wawili walikufa kambini kwa surua, wiki moja. Hakuzaa tena.

Hakuwa mwanamke mpole. Nasema hivyo kwa sababu mazishini walisema alikuwa mpole, na wote waliosema walikwisha kuonja ulimi wake. Nazi hakuipenda mpaka anakufa. Alisema chakula cha pwani kinateleza kama uongo. Kiswahili alijua, lakini akikasirika alirudi kwenye lugha ya kwetu, na hapo hata nyapara alikaa mbali.

Treni ile ile ilimleta Yudith. Alikuwa msichana, wa vilima vile vile, hata mama yake na mama wa Praxeda walichota maji mto mmoja. Akaolewa na Ernesti. Mwaka wa tatu tu akawa mtu wa pwani. Kanga doti kwa doti, wanja, na "sisi watu wa Tanga." Lugha ya kwetu akasema ameisahau. Praxeda alimwamkia kwa lugha hiyo kila siku, makusudi, mbele ya watu.

Kanisa tulilijenga wenyewe baada ya vita. Kabla ya hapo Padri alikuja kutoka Tanga mara moja kwa mwezi, akasomea Misa kwenye banda la singa. Tukasema tujenge. Jumapili baada ya sala tulibeba mawe ya matumbawe. Chokaa tulinunua kwa Bwana Thuwaini, Mwarabu mwenye shamba la minazi na tanuri la chokaa. Mchanga hatukununua. Tulichota ufukweni.

Thuwaini akapita juu ya punda wake, akaliona rundo la mchanga. Akashuka. Akachovya kidole, akaramba. Alicheka mpaka akashika tandiko.

"Lahaula! Nani kawaambia mjenge kwa mchanga wa bahari?"

Ernesti ndiye aliyekuwa msimamizi. Akamjibu, "Kwetu tunachota ziwani, na nyumba zimesimama."

"Ziwa lenu mnalinywa! Hili hebu kanywe kikombe kimoja, halafu urudi unifundishe ujenzi. Ukuta huu utalia mpaka siku ya kiyama."

Ernesti alisema Mwarabu anataka kutuuzia mchanga. Tukaendelea. Mimi pia niliendelea, sijitoi.

Kanisa likasimama. Dogo, hatua kumi na mbili kwa saba. Masika ya kwanza kuta zikatoka jasho. Chokaa ikabanduka magamba magamba, ikawaangukia watu vichwani katikati ya sala. Ernesti akapaka tena. Ikabanduka. Akapaka mara ya tatu. Siku ya Pasaka kipande kikaanguka ndani ya kikombe cha Padri.

Jumapili iliyofuata, sala imekwisha, Praxeda alisimama upande wa wanawake.

"Ukuta huu uko uchi," alisema. "Nyinyi mnaupaka poda. Uvisheni ngozi."

"Ngozi gani, dada?" Yudith aliuliza, kwa ile sauti yake ya mjini.

"Unaijua. Mama yako alisiriba kwa nini? Kwa poda?"

Watu wakacheka. Yudith hakulisahau.

Kazi ilimchukua miezi minane. Jioni akitoka mashineni, na Jumapili kutwa. Mimi niliteka maji. Alichanganya mavi ya ng'ombe na majivu na utomvu wa mti wa mnyaa, ndio unaozuia maji, akasiriba kuta zote. Lipu ikiwa bado mbichi, alibana vidole vinne akavuta, juu chini, juu chini, kama meno ya msumeno, kutoka sakafuni mpaka alipofika akiwa amesimama juu ya pipa. Ndani ya mifereji hiyo akatia rangi. Nyekundu ya udongo wa kichuguu. Nyeusi ya masizi. Nyeupe ya chokaa ya Thuwaini. Njano alichimba korongoni. Upande wa wanawake alitaka buluu, na udongo wa buluu hakuna. Akaenda dukani akanunua buluu ya kufulia nguo. Nyuma ya altare alichora pembe za ng'ombe, pembe juu ya pembe, nyeusi na nyekundu, mpaka ukikaa mbele unaona kundi zima linakuja.

Vidole vinne vilipaswa kuacha mistari minne. Vyake viliacha mitatu na pengo. Kidole kile kifupi hakikufika. Kila mahali katika kanisa lile, ukisogea karibu, uliona pengo la Praxeda.

Yudith alikuwa akija kusimama mlangoni, ameziba pua kwa kanga.

"Mavi ndani ya nyumba ya Mungu! Mnataka Yesu azaliwe zizini mara ya pili?"

"Mara ya kwanza hakulalamika," Praxeda alimjibu, hakugeuka.

Ernesti akamwandikia Padri kwamba kanisa limegeuzwa kilinge cha mganga. Padri akaja. Akatazama. Akaweka kiganja ukutani. Palikuwa pakavu. Akasema, "Acheni hivi hivi." Akapanda gari lake.

Hakuna aliyemwambia Praxeda asante. Hata mmoja. Wanawake waliketi katikati, wasije wakaegemea ukuta. Miaka sita. Alipougua, miezi mitatu nilikuwa nikienda langoni mwa shamba kwa zamu yangu ya ulinzi, kazi niliyopewa uzeeni, na kurudi, na sikuona mtu wa kanisani mlangoni petu. Kanisani sikwenda. Jumapili nilikaa naye.

Ndiyo maana Ernesti aliposema letu, nilijua nitafuta. Ningefuta hata kama Praxeda asingeniomba. Nasema kweli.

Ernesti akatia kufuli mlango wa kanisa. Jumapili mbili alisimama mlangoni mwenyewe, akatazama mikono ya kila aingiaye. Nikangoja. Nilijua Jumamosi kabla ya wageni wanawake watafungua kufagia. Na mwezi ulikuwa uandame Jumapili ile.

Ijumaa nilikwenda kwa Thuwaini, kwa sababu ndiye mwenye ng'ombe. Alikuwa barazani, mguu wake mbovu juu ya mto.

"Nataka mavi ya ng'ombe, Bwana Thuwaini. Ndoo nne."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wallahi, nyinyi watu wa bara," alisema. "Mnajenga kwa chumvi, mnafunika kwa mavi, halafu mnagombania. Chukua. Kitu hicho siuzi."

Nikainuka. Akasema, "Mkeo aliwahi kuja hapa kuchagua chokaa. Aliikataa mara tatu. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia chokaa mara tatu. Alikuwa fundi. Nyinyi wengine wote hamna fundi." Akageuza uso. "Mungu akupe subira. Sasa toka, unanuka."

Hiyo ndiyo pole niliyopewa pale shambani.

Jumamosi niliingia saa moja ya asubuhi. Wanawake wanne walikuwa wanafagia. Nilikuwa kifua wazi, nimejipaka majivu kichwani, ndoo mkononi. Wanawake wote wanne ni wa bara. Walijua. Mtu aliyeshika ndoo hiyo haguswi. Wakatupa mafagio nje, mmoja akakimbia kumwita Ernesti.

Nilisogeza pipa, nikapanda, nikaanza na pembe za nyuma ya altare. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa. Pembe moja, nyingine, nyingine. Kila nilipopaka nilitafuta kwanza pengo kwa kidole changu, nikalipata, nikalijaza.

Ernesti akafika anahema.

"Mzee! Shuka hapo! Unabomoa nyumba ya Mungu!"

"Nafuta ukuta wa mke wangu."

"Ni mali ya kanisa!"

"Mavi yale? Ulimwandikia Padri ni ya mganga. Leo ni mali?"

"Wageni wanakuja kesho!"

"Waje. Watakuta pakavu."

Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ushenzi, upagani, moto wa jehanamu. Watu wakajaa mlangoni. Hakuna aliyenishika. Yeye mwenyewe hakunishika. Kumbe hata yeye alikumbuka.

Mchana nilikuwa nimemaliza altare na upande wa wanaume. Nikahamia upande wa wanawake, kwenye buluu. Nikafuta mpaka dirisha la kwanza. Chini ya dirisha nikapeleka kidole kutafuta pengo.

Hapakuwa na pengo. Mistari minne. Mizima yote.

Nikajaribu kando. Minne. Dirisha la pili, minne. Rangi zile zile, mwendo ule ule, lakini si yeye.

"Hapo usiguse!"

Yudith alikuwa amepita katikati ya watu. Kanga ya kichwani imemdondoka. Alisema kwa lugha ya kwetu, ile aliyoisahau miaka ishirini.

"Hapo ni mkono wangu. Nakuomba, baba. Niko hai."

Nikakaa juu ya pipa.

"Uliingiaje katika ukuta wa mwenzio?"

"Mvua ya mwezi wa tatu iliangusha chini ya madirisha. Wageni walikuwa wamekwisha kutangazwa, siku tu haijajulikana. Ernesti akasema tutaaibika, hakuna anayeweza ila mimi."

"Ernesti alisema?"

Ernesti alitazama sakafu.

"Uliiba ukuta wa mgonjwa," nilimwambia Yudith.

"Sikuiba. Nilimwomba. Nilikuja kwako ukiwa langoni, mara mbili. Mara ya kwanza alinitukana. Ya pili akanifundisha kipimo cha utomvu. Nilikuwa nimekisahau."

"Mwongo. Praxeda angeniambia."

Nikasema hivyo, na papo hapo nikasikia sauti yake. Ufute palipo na kidole changu. Kwingine usiguse. Homa haikusema kitu. Alikuwa na akili zake zote. Alijua nitakwenda na ndoo nikiwa na hasira, na alijua nitamkuta nani chini ya dirisha.

Nilikasirika naye. Niseme hivyo pia. Mwanamke aliyemzibia pua miaka sita, naye akamfundisha utomvu, na mimi hakuniambia.

Ndoo ilikuwa bado na robo. Nikainuka, nikachota kiganja kizima. Nikasimama mbele ya mistari ile minne. Yudith alianza kutetemeka. Kwa kweli alitetemeka, meno yaligongana. Niliona raha. Sitaki mtu asome hapa akadhani niliona huruma.

Ernesti akaja akasimama kati yangu na ukuta, mikono ameitandaza.

"Mzee wangu," alisema. "Baba. Shikamoo. Usimfute mke wangu."

Shikamoo! Mtu ambaye siku zote alikuwa akiniamkia kwa kidevu.

"Kwani atafanyaje?" nilimuuliza. "Si upagani huu?"

"Baba, nakuomba."

"Nataka kujua tu, katekista. Nifundishe. Nikipaka hapa, atakufa au hatakufa?"

Watu wote mlangoni walimngoja. Jasho lilimtoka kama ukuta wa masika.

"Sema. Ni upagani?"

"Sijui," alisema, chini kabisa.

"Sema wasikie."

"Sijui!"

Nikakirudisha kiganja ndani ya ndoo. Si kwa ajili yake, wala ya Yudith. Niliambiwa kwingine nisiguse.

Nikasogeza pipa nikafuta juu ya madirisha, kwenye pengo tu. Nikafuta kati ya dirisha na dirisha, polepole, nikipima kwa kidole. Palipokuwa na mistari mitatu nilipaka. Palipokuwa na minne niliacha. Saa tisa nikamaliza. Ukuta ukawa mtupu wa kijivu, na viraka vitatu vya rangi chini ya madirisha upande wa wanawake, kama nguo imesahauliwa kuanuliwa. Nikaosha mikono kisimani. Kesho yake mwezi ukaandama, nikanyoa.

Wageni walikuja. Sikwenda, nilisimuliwa na wafagiaji. Walikuwa watatu, wanawake wawili na padri mmoja mwenye ndevu. Wakauliza kwa nini kuta hazina kitu. Ernesti akasema kazi bado haijamalizika. Wakapiga picha viraka vile vitatu. Wakauliza nani fundi. Ernesti akamsukuma Yudith mbele, naye akasimama kando ya kiraka chake, kanga mpya, uso kama wa mtu anayeng'olewa jino. Wakaandika jina lake kwenye daftari.

Jina la Praxeda halikuandikwa popote. Nimesikia watu wakinihurumia kwa hilo. Wasinihurumie. Jina lake wangelifanyia nini? Watu wa kanisa walikuwa nalo miaka sita.

Padri hakuninyima Komunyo. Aliniuliza tu kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza.

Siku hizi Yudith akipita langoni ananiamkia, na kwa lugha ya kwetu.

"Shikamoo, baba" ndiyo sehemu pekee anayosema kwa Kiswahili.

"Marahaba. Bado uko kazini?"

"Bado."

Anaongeza mwendo.

Masika haya kuta zimeanza tena kulia pale nilipopaka mimi. Mimi si fundi, sikutia utomvu. Wanataka Yudith asiribe kanisa zima, apake rangi, wageni wengine watakuja. Hataki. Kila ukuta anaoongeza ni wa mtu mwingine kufuta siku akifa, na anamjua huyo mtu.

Na huyo mtu amekwisha kuanza kuhangaika. Juzi Ernesti alikuja langoni, akasimama, akazungumza habari za mvua na bei ya unga. Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka tu, katika ndoo moja majivu huwa kiasi gani.

Nikamtazama. Nikafunga lango.

Sikumwambia.